Kiganja cha Kocha

Kocha wa watoto wetu wa miaka saba huandika majina yao yote kwenye kiganja cha kushoto, na kila mtoto akiingia uwanjani, hukata jina lake kwa kalamu. Hafoki, hutafuna tu kamba ya filimbi huku akichimba mchanga kwa ncha ya kiatu. Kwenye fainali, tuko sare, dakika mbili zimebaki, akamtoa mfungaji wetu, mwanawe wa kumzaa. "Baba, bado kidogo!" mtoto akalia. Kocha akazidi kutafuna kamba. Wazazi tukachachamaa, mimi mbele. "We kocha, una wazimu? Unataka tukose kombe?" Akanigeukia, akanifunulia kiganja kilicholowa jasho. Jina moja tu lilikuwa halijakatwa: la binti yangu.