Tuliombewa Tukiwa Ufukweni

Mama yangu alifanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho mwezi wa kumi na mbili, na mimi, binti yake wa pekee, siku hiyo nilikuwa Australia nakula kamba wa baharini waliochomwa kwa siagi na vitunguu saumu. Nimeanza na hilo kwa makusudi. Nikianza na sababu nitajikuta najitetea, na kwa kujitetea mimi sijambo.

Mume wangu alikuwa amemaliza shahada yake ya pili kule. Makazi yetu ni Mbeya, na mama anaishi peke yake Ipogolo, chini ya mji wa Iringa. Nilichukua likizo nikamfuata mume wangu ili turudi wote. Mama nilimwahidi tungerudi mapema, nimpeleke hospitali mwenyewe, nikae naye mpaka jicho lipone. Alishawaambia wanawake wa jumuiya yake ya kanisani wasihangaike, mwanawe anakuja.

Kisha mume wangu akaja na mabegi mawili makubwa ya mgongoni na hema la kukunja. Akasema tutembee pwani yote, kutoka kusini kwenda kaskazini, maana nafasi ile hatutaipata tena. Siku ya kwanza nilibisha. Siku ya pili nilikuwa dukani najaribu viatu. Nikampigia mama nikamwambia chuo hakijamruhusu mume wangu kuondoka, labda mwezi wa pili.

"Haya mwanangu, shule kwanza," alisema. "Mimi nitaenda tu."

Hakunung'unika hata kidogo. Hapo ndipo ningepaswa kuona aibu, lakini aibu yangu ina tabia ya kuchelewa.

Na sitadanganya mara ya pili: safari ilikuwa tamu. Tulipanda mabasi, tukatembea kwa miguu mpaka kucha za mume wangu zikawa nyeusi, tukapiga hema sehemu zenye vibao vya kuonya watu kuhusu mamba. Kwenye nyumba za wageni kulikuwa na jiko la wote na rafu ambapo wanaoondoka huacha tambi na mafuta yao kwa wanaoingia. Kaskazini tulikuta migomba mingi kiasi kwamba mume wangu, aliyekulia migombani Tukuyu, alisimama akaangalia kwa muda mrefu, halafu akasema wanapanda vibaya. Tulicheka njia nzima. Sikumbuki tangu tuoane kama tuliwahi kucheka hivyo.

Kwetu mtu mzima mwenye kazi akionekana barabarani na mzigo mgongoni na sufuria inaning'inia, watu wanauliza kafukuzwa na nani. Hilo nalijua, nimelelewa humo. Ndiyo maana nilipoweka picha kwenye stetasi ya simu yangu niliwafungia ndugu wote wasizione. Niliwataja mmoja mmoja, shangazi, wajomba, hadi binamu wa Chimala ambaye hatujasemezana miaka mitatu. Nikamsahau mwalimu wa kwaya wa usharika wa mama.

Picha yenyewe ilikuwa hivi: tumekaa chini, nje ya duka lililofungwa, mabegi pembeni, tunakula mkate na maharage ya kopo. Mume wangu hana viatu na ndevu zimemjaa. Mwalimu wa kwaya aliiona siku ileile ya operesheni, akaipeleka moja kwa moja hospitali kwa mama, ambaye jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji na la pili lina ukungu. Kwa hiyo mama hakuiona. Alisimuliwa.

Kwao ilikuwa mchana, kwetu jioni. Nilipokea simu sahani ikiwa mapajani.

"Mwanangu, mmefukuzwa chuo?"

"Nani kasema, mama?"

"Nimeambiwa mnakula chini kama wakimbizi. Mkwe wangu hana hata ndala. Mbona hukusema?"

Mbele yangu kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kumwambia kwamba tunatembea tu, kwa raha zetu, na kwamba nimeichagua bahari nikaacha kukaa kando ya kitanda chake. Nikashika ya pili. Nikashusha sauti nikasema, "Mambo ni magumu kidogo mama, ila Mungu yupo." Mume wangu aliacha kutafuna, akaniangalia. Sikumwangalia.

Basi jumuiya nzima ikaingia kwenye maombi kwa ajili yetu. Wanawake walifunga wiki nzima. Ilikuwa msimu wa kupanda, na kwa kuwa mwenye kushika jembe la mama nilikuwa mimi, nami niko kwenye mateso ugenini, walikwenda wao wakalima na kupanda shamba lake lote. Haya yote nilitumiwa kwa ujumbe, na kila ujumbe nilijibu kwa mikono miwili ya maombi.

Tuliporudi mwezi wa pili tulipitia Iringa kwanza. Sebule ya mama ilijaa mabenchi ya kuazima. Ilikuwa ibada ya shukrani, na baada ya nyimbo nikaitwa nitoe ushuhuda.

"Bwana asifiwe," nikasema, wakaitika. Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli, nilifanya mazoezi ndani ya basi. Nikaziona zile nyuso. Nikasema tulipita mahali pagumu, tukakosa pa kulala, lakini tuliwahisi wanatuombea. Wengine walifuta machozi. Mama alikaa pembeni amekunja mikono kifuani, hakusema amina.

Halafu wakaleta vitu: mahindi, maharage, sufuria mbili, vitenge. Mjane mmoja, jirani wa mama, akafunua blanketi lililofuliwa vizuri, limechakaa pembeni, akaniwekea mabegani. "Na Mbeya kule baridi, dada," alisema. "Msilale hivyohivyo." Nilijua nyumbani kwake hakuna blanketi la pili. Mume wangu aliinamisha kichwa, akawa anavitazama viatu vyake vya kupandia milima.

Asubuhi yake tulikuwa uani mimi na mama, tunapukuchua mahindi ya shukrani. Nikamwambia yote, kuanzia mabegi mpaka kamba. Hakuacha kupukuchua.

"Bandeji walitoa kesho yake," alisema. "Nikamwambia mwalimu wa kwaya, hebu lete hiyo picha niitazame na mimi. Nikakuona ulivyonenepa. Unacheka mpaka jino la mwisho."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Niseme nini? Wamama walishaanza kufunga. Nikasema atakuja, atawaambia mwenyewe. Jana nikakusikiliza."

Nikasema nitalirudisha blanketi la yule mama.

"Usirudishe. Utamwaibisha. Chukua, ukalale nalo."

Hakuniambia neno lingine kuhusu jambo hilo, wala hakunigombeza. Tuliporudi Mbeya nilimpigia simu kila Jumapili, na kila Jumapili tuliongea vizuri kabisa: mvua, kuku, bei ya mbolea. Nikajiaminisha kwamba yameisha. Nilijua jicho la pili nalo lilikuwa likisubiri, na nilishaomba ruhusa kazini bila hata kujua tarehe, nikawa nangoja aniambie.

Mwezi wa nane, katikati ya mazungumzo ya kuku, nikasikia anasoma maandishi kwenye mfuko wa mbolea, herufi ndogo kabisa, bila kusita. Nikamwuliza anaonaje.

"Naona vizuri. Na hili la pili walishanifanyia, wiki iliyopita."

"Nani alikupeleka?"

"Yule mama wa blanketi. Alilala na mimi siku mbili." Kisha akaongeza, kwa upole kabisa, "Sikutaka kukusumbua mwanangu. Nilidhani una safari."