Kikapu cha Kahawa Kilichorudi Ndani

Mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi, baba yangu alifariki na ndugu zake wakagawana kibanja chake kama nyama ya mnadani. Mimi sikuachiwa hata mgomba mmoja. Nikatoka Izigo kwa miguu, shule nikaiacha darasa la tatu. Kwa hiyo anayetaka maneno matamu asiyatafute hapa.

Nilipokaribia Kamachumu, mama mmoja alikuwa anaanika kahawa kwenye mkeka. Aliinua macho akaniangalia usoni. "Wewe mtoto, hujala tangu lini?" Sikuwa nimeomba kitu. Alinipa ndizi ya kuchoma, halafu akanipa kazi ya kugeuza ile kahawa. Niko hai kwa sababu mtu aliinua macho. Likumbuke hilo kabla hujaniita mzee mkorofi, maana wengi wameshaniita.

Mwaka jana walikuja wageni kutoka Hamugembe kumposa mjukuu wangu. Huyu binti nimemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki, na kijana anampenda kweli, sikatai. Kijana alikuja na baba yake mdogo, ndiye msemaji wao, mtu wa viatu vinavyong'aa.

Kwetu mgeni hapewi maneno kabla ya kahawa ya kutafuna. Inachemshwa na majani, inakaushwa, inaletwa ndani ya kikapu kidogo. Mkubwa wa wageni ndiye anayeanza kuchukua. Asipochukua yeye, hachukui mtu, na ombi haliwezi kusemwa.

Mke wangu alileta kikapu. Akapiga magoti mbele ya yule msemaji, akamnyooshea kwa mikono miwili. Simu ikaita. Bwana akapokea! Akaanza habari za vigae, sijui vyeupe, sijui vya kijivu, fundi asubiri, fundi asiondoke. Mke wangu yuko magotini. Magoti yenyewe yana maumivu tangu masika. Yule bwana akamwangalia kama mtu anavyoangalia kiti, akamwonyesha kiganja kwamba angoje, akasema kwenye simu, "Niko kwenye kikao kidogo huku kijijini."

Kikao kidogo!

Namwangalia kijana, labda atamgusa baba yake mdogo. Kijana naye ameinua simu yake, anatupiga picha.

Nikasimama. "Mama, inuka. Rudisha kikapu ndani."

Kikapu kikirudi ndani bila kuguswa, kila mtu wa huku anajua posa imekataliwa. Ndipo bwana akakata simu.

"Mzee wangu, samahani, ilikuwa ya muhimu."

"Basi muulize huyo wa muhimu kama ana binti wa kuozesha."

"Waitu, tafadhali mzee, tusifike huko."

"Nimeshafika. Wewe ndiye uliyebaki kwenye vigae."

Waliondoka na rubisi yao, pombe ya ndizi waliyotuletea, haijafunguliwa. Mjukuu wangu alitoka chumbani analia. "Babu, umeniua." Usiku ule hata mke wangu hakuniunga mkono. Aliniambia, "Magoti yalikuwa yangu. Mbona hasira ni yako?" Lakini hasira haikutoka, na mpaka leo haijatoka.

Kijana alirudi peke yake, akaomba radhi, akamsalimia mke wangu vizuri. Nikampokea. Lakini kijana hajiposei. Nikamwambia, mlete baba yako mdogo, aje apokee kahawa mkononi mwa huyu mama, mengine yatakuwa mepesi. Baba mdogo akatuma nini? Ujumbe wa simu! Anaomba msamaha kwa maandishi, kwa mwanamke asiyejua kusoma, eti ana shughuli nyingi. Mjukuu akausoma kwa sauti. Mke wangu akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo mtu hajawahi kuniona." Tangu hapo haniambii tena kwamba hasira ni yangu.

Nikienda Bukoba mjini naona ni yale yale. Muuza duka anakurudishia chenji akiwa ameinamia simu kiganjani. Vijana wa bodaboda hawajui nani kapita. Yule mtoto wa mwaka 1972 akipita leo, atapita mpaka aanguke.

Mjukuu wangu anakula mezani kwangu ameinamisha kichwa, anaandikiana na kijana wake. Salamu yangu anaijibu bila kuniangalia.

Nilicho nacho leo ni hiki. Kibanja, nilichonunua kwa jasho. Mibuni na migomba. Ng'ombe wawili na ndama. Nyumba ya matofali, bati jipya. Simu ndogo ya tochi, inazimwa wageni wakija. Mke mwenye magoti mabovu. Mjukuu mmoja, hajaolewa. Na kikapu cha kahawa juu ya kabati, kimefunikwa. Kinamngoja yule bwana aje, aangalie ni nani anayempa.