Mchumba wangu aliacha rauta isahau kila kitu

Admini, nifiche jina. Na wewe utakayenitambua kwa kazi yangu, nakuomba ukae kimya, mji wetu huu wa Baraka ni mdogo na mama yangu hajui kama nimeandika hapa.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tisa, fundi wa mitandao ya kompyuta. Nilisomea Uvira, na niliporudi nyumbani watu walikuwa wananiletea redio nitengeneze. Nina mchumba. Zamani aliuza vocha za simu karibu na soko, mimi ndiye niliyemfundisha ufundi huu, mezani kwetu, kwa swichi kuukuu, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta, ambayo nusu ya matundu yake yamekufa. Nilimpenda kwa sababu alikuwa anauliza maswali bila kuona aibu. Mahari yameshapokelewa nyumbani, na mwezi ujao tunasaini ndoa ya serikali kwenye ofisi ya komini.

Mwaka huu tulipata kazi katika ofisi moja hapa mjini. Walitaka kompyuta za wahasibu zisionane na za ghala, ingawa zote zimechomekwa kwenye swichi moja. Basi unaigawa ile swichi kuwa mitandao miwili, kila mmoja peke yake. Lakini mhasibu akitaka kuchapisha karatasi kwenye printa iliyo ghalani, ni lazima ujumbe wake upite kwenye rauta, kifaa kinachopitisha ujumbe kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Unavuta waya mmoja kati ya swichi na rauta, na ndani ya rauta kila mtandao unaupa mlango wake na anwani yake. Ukimaliza, unahifadhi. Usipohifadhi, siku umeme ukikatika rauta inaamka haijui kitu, na mitandao miwili haisikilizani tena.

Kwetu sisi wawili kulikuwa na desturi, nami niliishika kama dini: hakuna kukunja waya wako kabla hujazima rauta na kuiwasha tena mbele ya mwenye kazi, aone kwamba inakumbuka. Tulipofanya kazi pamoja, mchumba wangu hakuwahi kuruka hatua hiyo. Kazi ile nilimwachia aifanye peke yake, ili naye ajulikane.

Basi ikawa kila jenereta ya ofisi ile ikizimwa, wanakwama, wanampigia. Anakwenda, anashinda huko, anarudi akilalamika kwamba umeme wa pale ni mbovu. Mimi nikawa namhurumia, namwekea chakula pembeni.

Siku moja alikuwa Fizi kwenye msiba wa baba yake mdogo, simu yake haipatikani. Ofisi wakanitafuta mimi. Nikachukua pikipiki. Nilipoteremka tu, dada mmoja wa mapokezi akatoka mbio na sahani ya samaki mukeke na ugali, iliyofunikwa vizuri kwa kitambaa, anatabasamu. Aliponiona akasimama.

“Fundi yetu iko wapi?” akauliza. “Anagonjwa?”

Nikamjibu kwamba ameenda msibani. Akaingia ndani na sahani yake.

Nilichomeka kompyuta yangu kwenye rauta. Upande wa kumbukumbu ya kudumu hapakuwa na hata mstari mmoja wa kazi yake. Ndugu zangu, nilikaa chini sakafuni. Miezi yote hiyo alikuwa anaandika kila kitu upya, kinafanya kazi, kisha anaondoka bila kuhifadhi. Mtu anaweza kusahau mara moja. Nikaandika yote mwenyewe, nikahifadhi, nikaomba wazime jenereta na kuiwasha. Printa ikatoa karatasi, wahasibu wakafurahi, na mimi nikaenda kulilia chooni kwao.

Aliporudi kutoka Fizi nikamuuliza taratibu. Nilikuwa natamani anidanganye, nasema kweli. Hakunidanganya.

“Nilijua,” akasema. “Kila mara nilijua. Nilikosa sababu ingine ya kufika kule, njo maana nikaiacha vile.”

Nikamuuliza kama anampenda yule dada. Akasema mimi ni mtu mzuri, hana kitu cha kunilaumu, na ndoa yetu ataifunga kama alivyoahidi. Hilo ndilo lililonimaliza. Angenitukana ningepata pa kushika.

Nilimweleza mama. Akanisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele, hata hakuinua macho. “Mwanaume amekubali kukuoa, na batu bote banajua,” akaniambia. “Unataka nini ingine?” Tena akanikumbusha miaka yangu, kana kwamba mimi siijui.

Tangu siku ile ofisi hawajakwama tena. Na wana namba yangu, wakipata shida wananipigia mimi. Alhamisi iliyopita mchumba wangu alipita kwetu na begi la kazi begani, amevaa shati ambalo tulilinunua kwa ajili ya kwenda komini, akaniambia wale watu wa ofisi wamemwita tena, rauta imeanguka. Nilimtazama. Nikamwambia haya, nenda, usije ukachelewa. Akanishukuru.

Mama anataka jibu kabla ya mwisho wa juma. Ndugu zangu mnaosoma, nimechoka kulia peke yangu. Nikasaini, au niwaombe wazee wayarudishe mahari? Nambieni nifanye nini, maana mwanaume huyu bado nampenda.