Mzimu Tuliourekodi Tengeru

Nikisikia mchezo wa redio, huusikiliza kama fundi. Mvua ile najua ni mchele kwenye ungo. Farasi ni vifuu viwili na mtu aliyepiga magoti. Mke wangu amechoka kuniambia nisikilize hadithi kama watu wengine. Katika kila mji niliohamia, na imekuwa mingi, nimetafuta redio kabla ya kutafuta kitanda, na kila nikiiwasha hurudi kwanza Sakina, pembeni ya mji wa Arusha.

Sakina ya wakati ule, Mwingereza akiwa bado yupo, ilikuwa nyumba chache na gereji kando ya barabara ya Nairobi. Vumbi lilikuwa jekundu hadi kwenye kope. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza sekondari, ninaandika barua za duka moja mjini na kuchungulia kila lori lililopita kana kwamba lilikuwa limekuja kunichukua. Jumamosi mchana nilikwenda kwa fundi Kalasinga aliyetengeneza malori. Alikuwa na redio ya masafa mafupi juu ya pipa la oili. Saa ya mchezo wake ilipofika alizima injini zote, hata kama mwenye lori alikuwa amesimama pale na haraka zake, tukasikiliza Waingereza wakiruka kwenda mwezini.

Siku moja alinionyesha mashine ya kurekodi sauti aliyoinunua Nairobi.

"Wewe una Kiingereza cha shule na Kiswahili cha kwenu," alisema. "Andika wa kwetu. Tutaupeleka redio ya Dar es Salaam."

Niliandika wiki tatu. Watu wanasafiri kwenda Mirihi. Njiani wanakuta chombo kingine cha angani, cha zamani, kinaelea peke yake, taa zinawaka. Wanaingia. Hakuna mtu, ila sauti ya mtu aliyekufa zamani inauliza, "Nani ameingia?" Nahodha anaogopa, anaamuru mlango ufungwe, wanaondoka mbio. Niliona ni kazi kubwa. Niliisoma peke yangu nikasisimka.

Sakina haikufaa kurekodia kwa sababu ya honi. Nilipendekeza twende Tengeru, kwa shangazi yangu, dada wa baba, ambako migomba huzuia kelele zote. Zaidi ya hilo, shangazi alikuwa na mashine ya kumenyea kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono. Ukiizungusha ikiwa na maji na kahawa mbivu kidogo, ilivuma kama kitu kinachokwenda mbali. Fundi aliposikia alifumba macho.

"Hiyo ndiyo injini," alisema.

Shangazi alikubali kuzungusha mwenyewe, kwa kuwa hakutaka tuiharibu. Alikuwa mwanamke mkavu, mchapakazi. Mume wake alikwenda vita vya Burma. Barua ya serikali kutoka Boma ilisema kwamba baada ya mapigano hakuonekana tena. Shemeji zake walitaka matanga yafanyike, mchungaji aombe, watu wanyoe, yaishe. Mwaka wa kumi sasa alikuwa akikataa. "Barua haikusema amekufa," aliwaambia. "Mimi sizikii mtu kwa kubahatisha." Kwa hiyo hakuwa mke na hakuwa mjane, na shemeji zake walimpita njiani kwa salamu fupi.

Fundi aliunganisha mashine yake na betri za lori. Nahodha alikuwa rafiki yangu, mwalimu wa shule ya misheni, aliyeimba besi kwaya ya kanisani. Tulianza. Injini ikavuma, nahodha akasema, "Fungueni mlango, tuingie." Injini ikanyamaza.

"Mbona umeacha, shangazi?"

"Hawa watu wako wametoka wapi?"

"Duniani."

"Dunia gani hiyo? Wanaingia kwa mtu bila hodi. Mwenyewe anauliza nani ameingia, wanakimbia. Hata mwizi ana adabu kuliko hao."

Fundi alicheka. "Mama, ni mzimu huyo."

"Mzimu hana masikio? Wangemsalimu, angesema shida yake."

Nilijitetea kwamba kwenye redio ya Kiingereza hawasalimiani.

"Hao ni Waingereza. Hawa wako umewapa Kiswahili, basi wabishe hodi."

Nilitoa penseli nikasahihisha gotini. Tukaanza tena, mwalimu akijaribu kuwa nahodha na mzimu pia. Mzimu wake ulitetemeka vibaya.

"Huyo ni marehemu au ni mbuzi wa mchungaji?" shangazi aliuliza.

"Basi sema wewe," mwalimu alimtania. "Tuone."

Alifuta mikono kwenye kanga, akaniachia mpini. Nilimwonyesha mstari wake: mimi ni nahodha wa chombo hiki. Aliukariri mara mbili.

"Hodi," alisema mwalimu. "Hodi humu ndani."

Shangazi alisogea karibu na mashine ya kurekodi.

"Karibuni."

"Habari za humu?"

"Nzuri. Baridi tu."

"Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni wa Tengeru," alisema shangazi. "Kwetu ni juu ya mfereji, penye miti miwili ya mringaringa. Nina mke. Niliondoka na Wazungu kwenda vitani."

Mwalimu alinitazama. Maneno hayo hayakuwamo kwenye karatasi. Lakini alikuwa mtu wa kwaya. Hakuuacha wimbo uanguke.

"Ulifikwa na nini, ndugu yangu?"

"Nilikufa," alisema shangazi. "Siku ile ile. Hakuna aliyekwenda kumwambia mke wangu."

"Tukuchukue turudi nawe?"

"Hapana, mna safari yenu. Mfikishieni tu habari."

Mikono yangu ilikuwa imesimama bila mimi kujua. Utepe uliendelea kuzunguka, ukirekodi kuku.

Fundi aliuzima polepole. "Mama, niyafute?"

"Nirudishie nisikie."

Alisikiliza mara mbili, ameinama, mkono shavuni. Kabla ya mara ya tatu alinituma nimwite shemeji yake mkubwa, aliyekaa ng'ambo ya mfereji. Mzee alikuja na panga lake la kukatia majani ya ng'ombe, akamsalimu Kalasinga, akasimama kusikiliza. Ilipofika pale, "Nilikufa," alivua kofia.

Shangazi hakumtazama. "Jumamosi ijayo," alisema. "Mwambie mchungaji."

"Nitamwambia leo hii, shemeji."

Aliketi kwenye kigoda karibu naye, akaweka panga chini. Walianza kuhesabu kwa Kimeru watu wa kupelekewa habari: wa Momela, wa Moshi, dada wa marehemu aliyeolewa mbali. Shangazi ndiye aliyetaja majina mengi. Sisi watatu tulikunja nyaya.

Dar es Salaam hatukupeleka kitu. Fundi alisema angenunua utepe mwingine turekodi upya na mzimu mwingine, lakini mwaka uliofuata mimi nilikuwa nimeshapanda lori la kwenda Dodoma. Utepe ule aliufunga kwenye gazeti, akampa shangazi, ingawa shangazi hakuwa na mashine ya kuusikilizia.