Kinoo Chenye Madoa

Mwaka 1993, nikiwa na miaka arobaini, karakana ya useremala niliyofanyia kazi ughaibuni, mtaa wa Tooting, ilifungwa. Nikaanza kunoa visu vya mikahawa. Mpishi mmoja Mjapani akaniachia kisu cha marehemu baba yake nikinoe, na kinoo changu kilifaa mapanga tu.

Nikaenda kwa muuza vinoo, mzee Mjapani pia. Vinoo vyake vilikuwa mawe ya mlimani, na mawe hayo hayafanani. Jiwe likificha chembe ngumu, hutia kisu mkwaruzo usiofutika. Ningekiharibu kisu kile, jiko gani lingenipa kazi tena? Nikafumba macho, nikapitisha ukucha juu ya kila jiwe, kama nilivyozoea kupapasa mbao. Kwenye lile lililong'aa, ukucha ukakwama. Nikachukua lenye madoa.

"Umechagua lenye sura mbaya," mzee akacheka.

"Silioi, mzee. Nitalinolea kisu."

Nyumbani, kisu kilipogusa jiwe, nilishindwa kuangalia. Nilisikiliza tu. Halikukwaruza.

Leo, kwa kazi hiyo ya kunoa, nina nyumba Ilford, gari la kazi, rafu nzima ya vinoo, na kile chenye madoa, ambacho simwazimi mtu.