Mashine Isiyoambiwa Inyamaze

Hebu wazia kaunta ya ofisi ya mifugo hapa Garissa, saa sita mchana. Mama mmoja anangoja kibali cha kusafirisha mbuzi, nao wamo kwenye lori nje, juani. Kompyuta imegoma.

"Diski imejaa, habo," fundi wa kompyuta akamwambia, akimwita shangazi kwa heshima. "Mwezi uliopita ilisumbua, nikaiamuru iandike kila inachofanya, nijue inakosea wapi."

"Ukajua?"

"Siku hiyo hiyo."

"Na kuandika, uliiambia imetosha?"

Fundi akachungulia kompyuta: bado ilikuwa ikiandika.

"Wewe umeuliza mtu habari, ukaenda zako. Yeye bado anakuhesabia ngamia. Na mbuzi zangu zinakufa kwa jua."

Fundi akafuta mafaili ya zamani ya uandishi ule, akauzima, akaweka na kikomo: kumbukumbu zikipita wiki moja, zijifute zenyewe. Kibali kikatoka. Mama akakinyakua kabla wino haujakauka.

Kwetu msafiri akiulizwa habari huanzia mvua, malisho, hadi kisima cha mwisho, na muulizaji ndiye humpumzisha kwa kumwambia imetosha. Basi, wasomaji wangu, mkiitaka mashine ijieleze, kumbukeni jambo moja tu: ikishasema mlichotaka, inyamazisheni ndipo muinuke.