Taa Chini ya Thamostati

Majira ya baridi ya tisini na saba nilipanga chumba cha chini ya ardhi, Hyattsville, Marekani, kwa mama mmoja wa kanisani kwetu. Tulikubaliana kodi ni pamoja na joto. Nilikuwa na mtoto wa miezi minne, baba yake bado yuko Nakuru akingoja viza. Desemba haijafika katikati, mama huyo akashuka na bisibisi, akayaziba kwa bati matundu yote matatu yaliyoniletea hewa ya moto.

"Joto hupanda juu, dada," akaniambia. "Huku chini nawaste gesi tu. Si uvae sweta?"

Daktari alikwisha kunionya kwamba kifua cha mtoto kikirudi tena, atalazwa. Nikamwambia mama huyo hivyo. Akaniletea sweta kuukuu ya binti yake. Nilimshukuru, na moyoni nikaapa atakiona cha mtema kuni.

Bibi mzee niliyemtunza kazini aliwahi kusogeza taa yake ya kusomea karibu na thamostati, nyumba ikawa jokofu siku mbili. Fundi akatueleza: kile kisanduku cha ukutani kilihisi joto la balbu, kikadhani nyumba nzima imepata joto, kikazima tanuri la kupasha nyumba. Fundi alicheka sana. Mimi niliyaweka maneno yake akibani.

Januari wakaja wakwe wa binti wa mama mwenye nyumba kuzungumzia mahari. Niliitwa juu kusaidia kusukuma chapati. Asubuhi mapema niliweka taa juu ya kabati la sebuleni kwake, chini tu ya thamostati, nikaiwasha. Chumbani kwangu hakuna kilichobadilika, baridi ni ile ile.

Kufikia saa nane wageni walikuwa wamekaa na makoti yao, wakipuliza chai. Mama mwenye nyumba aliigonga thamostati kwa kidole.

"Si mwaona, iko digrii sabini na tano, joto tele!"

Hakuna aliyevua koti. Nilifurahi, nikashuka kumchukua mwanangu, nikampakatisha mama mkwe mtarajiwa wa yule binti, mwanamke mzima, muuguzi.

"Mikono ya huyu mtoto ni barafu! Analala wapi?"

"Chini, mama. Matundu ya joto yamezibwa. Mwenye nyumba anasave gesi."

Nilisema polepole, kila mtu asikie. Mgeni yule alimtazama mwenyeji wake, akarudisha kikombe mezani.

"Nasi tukuletee mjukuu hapa?"

Mama mwenye nyumba akaomba radhi, akatafuta bisibisi. Nilizima taa, tanuri likanguruma, nikamfuata chini. Akapiga magoti sakafuni na gauni lake la wageni, akafungua bati la kwanza, akafungua la pili. Hewa ya moto ikanijia miguuni. Nilisimama nyuma yake nikimshikia tochi.

Akainuka, akajipangusa vumbi.

"Sasa umeridhika?" akanong'ona.

"Bado moja," nikamwambia. "Liko nyuma ya kitanda. Itabidi ulale kifudifudi."